Mbinu za Kilimo Endelevu na Malipo ya Kazi: Kisiwa cha Ukara kwa Kulinganishwa na Mashamba ya Mizabibu

1.0 Utangulizi

Wakulima wa mizabibu katika nchi nyingi hutumia mbinu zinazohifadhi udongo na maji. Hupanda mimea ya jamii ya kunde baina ya mistari, hurudisha shambani makapi ya zabibu zilizokamuliwa, na hujenga matuta penye mteremko. Mbinu hizo mara nyingi huelezwa kuwa mwelekeo mpya. Hata hivyo, mbinu za namna hiyo zilikwisha kuelezwa na Thornton na Rounce (1936) kuwa desturi ya Wakara wa kisiwa cha Ukara, ambacho leo kiko katika Wilaya ya Ukerewe, mkoani Mwanza. Makala haya yanafafanua mfumo wa Wakara, kisha yanajibu swali moja: ni nini humfanya mkulima adumishe mbinu hizo au aziache?

2.0 Mfumo wa Kilimo cha Ukara

Ukara ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 80. Sehemu kubwa ya udongo wake ni kichanga kilichotokana na miamba ya itale, nao hupoteza rutuba upesi. Katika miaka ya 1960 msongamano ulizidi watu 200 kwa kilomita moja ya mraba. Kwa hiyo haikuwezekana kuliacha shamba lipumzike kwa miaka mingi.

Mfumo huo una nguzo tatu. Ya kwanza ni samadi. Ng'ombe hufungiwa nyumbani na kuletewa majani yaliyokatwa. Kinyesi na mabaki ya malisho hurundikana chini ya miguu yao, kisha hubebwa hadi shambani. Malisho yenyewe hulimwa: majani hupandwa katika mashimo yaliyochimbwa kandokando ya ziwa na vijito, mahali ambapo mizizi hufikia maji hata wakati wa kiangazi.

Nguzo ya pili ni mbolea ya kijani. Mbegu za mmea wa jamii ya marejea hupandwa ndani ya shamba la uwele uliokwisha kuota. Uwele ukivunwa, mmea huo hubaki ukikua, kisha hufukiwa udongoni. Bakteria walio katika vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani, na zao linalofuata hunufaika.

Nguzo ya tatu ni kuta za mawe na makinga maji yanayozuia mmomonyoko. Kazi hiyo iliambatana na umiliki: shamba na miti vilikuwa mali ya mtu binafsi, hivyo aliyejenga ukuta alikuwa na hakika ya kuvuna faida yake.

3.0 Gharama ya Mfumo

Uchunguzi wa Ludwig (1968) ulionyesha kuwa Wakara walipata mavuno mengi kwa eneo, lakini malipo madogo kwa kila saa ya kazi. Wakara waliohamia bara, kwenye ardhi tele, kwa kawaida waliacha mbinu hizo. Hawakuwa wamesahau ujuzi wao. Kufungua shamba jipya kulidai jasho kidogo kuliko kubeba samadi. Jambo hili linaafikiana na hoja ya Boserup (1965) kwamba uhaba wa ardhi ndio huwasukuma wakulima kuongeza kazi kwa eneo.

Ushahidi mwingine unatoka ng'ambo ya ziwa. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, uliwalazimisha wakulima kutumia samadi, kulima kwa matuta na kupunguza mifugo. Amri hizo zilipingwa, na zikaachwa kabla ya uhuru. Mbinu zilizodumu Ukara bila amri hazikudumu Usukuma kwa amri.

4.0 Ulinganisho na Mashamba ya Mizabibu

Katika kilimo cha mizabibu, gharama ya kazi hiyo huweza kubebwa na bei ya chupa. Afrika Kusini ilianzisha mwaka 1998 mpango wa uzalishaji wa mvinyo unaojali mazingira, na tangu mwaka 2010 chupa zinazotimiza masharti huweza kubandikwa nembo maalumu. Nembo humwezesha mnunuzi kutambua kazi iliyofanyika shambani.

Tanzania, ambako zabibu hulimwa zaidi Dodoma, inaweza kujifunza kutokana na mifano yote miwili. Iwapo kiwanda kinanunua zabibu kwa uzito pekee, mkulima anayerutubisha udongo kwa samadi hulipwa sawa na asiyefanya hivyo, na gharama ya ziada hubaki juu yake.

5.0 Hitimisho

Mfano wa Ukara unaonyesha kuwa ujuzi wa kuhifadhi udongo hautoshi kudumisha uhifadhi. Kazi ya ziada ililipwa na uhaba wa ardhi pamoja na uhakika wa umiliki. Uhaba ulipokosekana, mbinu ziliachwa. Kwa hiyo, tathmini ya kilimo endelevu, iwe ya uwele au ya zabibu, haina budi kuchunguza nani hufanya kazi hiyo na nani huilipia, sambamba na mbinu zenyewe.