Mchezo wa Kompyuta na Mfereji wa Maji

Baadhi ya kamati za parokia zimetuuliza swali la haki kabisa: kompyuta tunazoomba kwa wafadhili, mbona vijana wanaonekana kuzichezea tu? Tunajibu kwamba kucheza ni jambo moja na kutengeneza mchezo ni jambo jingine.

Mtengenezaji halazimiki kuanza na kurasa za maandishi magumu. Zipo programu, kama Blueprints iliyotoka pamoja na Unreal Engine 4 mwaka 2014, ambamo kanuni za mchezo huchorwa kwa visanduku vinavyounganishwa kwa nyaya. Aliyekulia miteremko ya Mlima Meru ataielewa upesi, maana inafanana na mifereji yetu ya mashambani. Kisanduku cha tukio ndicho banio. Amri hutiririka katika waya mweupe, na ikifika kwenye sharti hugawanyika kama maji langoni: "ndiyo" huku, "siyo" kule. Nyaya za rangi nyingine hubeba taarifa tu, kwa mfano idadi ya pointi.

Tuchukue mchezo wa zamu ya maji. Mchezaji anabonyeza kitufe. Sharti linauliza, je, ni zamu yake? Ikiwa ndiyo, migomba inapata maji na pointi moja inaongezeka. Ikiwa siyo, inapungua. Lakini kijana akiunganisha hesabu hiyo na tukio linalojirudia kwa kila picha ya skrini, badala ya tukio la kubonyeza, kompyuta inayoonyesha picha 60 kwa sekunde itampa pointi 60 kwa sekunde moja! Hakuna neno lililokosewa. Maji yameanzia banio lisilo lake. Inabidi afuate waya kisanduku kwa kisanduku, kama mkulima afuatavyo mfereji kutafuta palipobomoka. Kazi hiyo ndiyo tunayotaka vijana waizoee.

Kuhusu gharama tuseme wazi. Unreal inahitaji kompyuta yenye nguvu, na mashine nyingi za msaada haziiwezi. Kwa kuanzia tunapendelea Scratch, iliyozinduliwa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Ni ya bure, ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti, na ina Kiswahili. Humo vipande hupachikwa badala ya kuungwa kwa nyaya, ila tukio, sharti na marudio ni yale yale.

Kwa hiyo kamati inayoandaa maombi ya robo ijayo isiandike "kompyuta" tu. Itaje zitaendesha programu gani, na nani ataketi na vijana pindi pointi zinapofurika.