Sanduku la Mvunguni: Utunzaji wa Akiba ya Vitambaa Ekero

Ekero ni kituo cha biashara kilicho kwenye barabara itokayo Mumias kwenda Kakamega, katika nchi ya Wawanga, ambao ni tawi mojawapo la Waluhya na ambao, tofauti na majirani zao wengi, walitawaliwa na mfalme mwenye cheo cha Nabongo. Katika vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa safu, ambavyo wakazi huviita ploti, familia nzima huweza kuishi katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na hata kwenye maboma ya mashambani, ambako ardhi imerithishwa na kugawanywa mpaka ikawa vijisehemu, nyumba kwa kawaida si kubwa. Hata hivyo ni nadra kumkuta mwanamke mtu mzima asiye na akiba ya vitambaa: leso, vitenge, shuka, vipande vilivyobaki baada ya kushonesha. Akiba hiyo, inayokaa sandukuni, haipangwi kwa rangi wala kwa aina ya uzi. Hupangwa kwa deni, kwa maana kwamba kila kitambaa kina mtu au tukio kinalolisubiri, na mwenye sanduku huyakumbuka madeni hayo yote bila kuandika popote.

Tabia ya kuweka mali katika nguo ina mizizi mirefu katika eneo hili. Misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotoka pwani kutafuta pembe za ndovu iliyafanya makao ya Nabongo kuwa kituo chake, na Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883 mahali hapo palijulikana kwa wasafiri kama Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, baba yake Nabongo Mumia. Bidhaa kuu ya misafara ilikuwa kitambaa, hasa merikani, yaani kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, kilichopata jina lake kwa sababu kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani. Pamoja nacho zilikuja kaniki na shanga. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, kikalipia chakula na kikatolewa hongo kwa wakuu, kwa hiyo kilifanya kazi ya fedha kabla ya sarafu kuenea. Misafara hiyohiyo ilileta Uislamu, ambao umeshika mizizi Mumias na vitongoji vyake, na pamoja na dini yakaja mavazi ya pwani.

Leso, ambayo Tanzania huitwa kanga, ndiyo iliyotia fora. Ni kitambaa cha pamba chenye upana wa karibu sentimita 110 na urefu wa karibu sentimita 150, kikiwa na pindo (ukingo unaokizunguka), mji (sehemu ya kati) na jina, yaani maneno yanayobeba ujumbe. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi, ambazo jina lake limetoka Kireno, zikiwa bado hazijatenganishwa, wakakata sita na kuziunga ziwe vazi moja. Ikiwa simulizi hiyo ni ya kweli, basi leso ilianza kama kazi ya kuunga viraka, sawa na mfarishi, ambao ni tandiko la matabaka ya vitambaa vilivyoshonwa pamoja. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na ambalo alama yake ya “Mali ya Abdulla” inajulikana hadi leo, hutajwa sana katika historia ya kuongeza maneno kwenye leso.

Leso huuzwa kwa doti, yaani jozi ya pande mbili zilizoshikana, ambazo mnunuzi huzikata na kuzipinda, ama kwa mkono ama kwa fundi, kabla ya kuzitumia. Hapo ndipo ulipo msingi wa mpango mzima wa sanduku. Doti isiyokatwa ni mali inayoweza kutolewa kwa heshima. Ikishakatwa na kupindwa imekuwa ya mwenyewe, na kumpa mgeni leso iliyopindwa, hata kama haijavaliwa siku moja, ni sawa na kumwambia kwamba amepewa makombo. Kwa sababu hiyo mwanamke huahirisha mkasi kadiri awezavyo. Sanduku hugawanyika sehemu mbili ambazo mgeni hawezi kuziona: juu vitambaa vilivyokatwa, vinavyotolewa na kurudishwa kila wiki, na chini doti nzima, zinazotoka mara moja tu.

Sanduku lenyewe mara nyingi ni la bati, lililofuliwa na mafundi wa jua kali na kupakwa rangi, na katika nyumba nyingi lilianza maisha yake kama sanduku la mwanafunzi wa shule ya bweni. Mtoto akimaliza shule, sanduku hurudi kwa mama, likiwa bado limeandikwa jina na nambari ya mwanafunzi kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko. Huwekwa mvunguni mwa kitanda, na kitanda huinuliwa kwa matofali ili mvungu uwe mrefu wa kutosha sanduku moja na gunia moja, hivi kwamba methali ya mtaka cha mvunguni sharti ainame husemwa hapa kama maelezo ya kazi za nyumbani. Bati lilipendelewa kuliko mbao kwa sababu ya mchwa, ambao katika udongo wa magharibi mwa Kenya hula ubao wowote unaogusa sakafu ya udongo. Wakazi nao, mchwa wakiota mabawa na kuwa kumbikumbi, huwakaanga na kuwala, na pengine hiyo ni haki.

Lakini bati lina kasoro yake. Msimu wa mvua ndefu, kuanzia Machi, hewa yenye unyevu hupoa usiku ndani ya sanduku na kuacha matone upande wa ndani wa kifuniko, na kitambaa kilicho juu hupata madoa ya kuvu ambayo hayatoki. Dawa yake ni kutandika magazeti chini na juu, kutia vidonge vya kufukuzia nondo na kulifungua sanduku siku za jua. Mifuko ya plastiki, ambayo zamani ilitumika kufungia vitambaa, iliwahi kuonekana kinga nzuri, ingawa ukweli ni kwamba ilifungia unyevu ndani. Ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, wengi walirudia foronya kuukuu, ambazo hupumua, na bila shaka vitambaa vilinufaika.

Tatizo kubwa zaidi ni wanga, yaani ule ugumu unaotiwa kitambaa kipya kiwandani ili kionekane kimenyooka (neno hili halina uhusiano wowote na Wawanga). Mende huupenda wanga. Njia salama ni kufua kitambaa kabla ya kukihifadhi, lakini doti iliyofuliwa si mpya tena na haitolewi zawadi, kwa hiyo kilicho bora kwa kitambaa hakifai kwa desturi, na desturi ndiyo inayoshinda. Suluhisho la wanawake ni kukikunjua na kukikunja upya kila baada ya miezi michache, safari hii kwa mistari mingine, kwa kuwa mkunjo ukikaa mahali pamoja kwa muda mrefu rangi hupauka na uzi huvunjika hapo hapo. Mkunjo unaofaa huacha jina upande wa nje. Mwenye sanduku anapoinama na kuinua kifuniko, husoma majina yaliyopangana kama migongo ya vitabu, akavuta analolitaka kwa ncha za vidole bila kuvuruga mengine.

Uchaguzi wa jina ni kazi yenye hadhari. Katika posa na arusi, shangazi wa bibi arusi, anayeitwa senje, na nyanya yake, ambaye ni kukhu, hutarajia leso, na doti yenye maneno ya mafumbo ikipewa senje itazungumzwa kwa miaka. Mwanachama wa chama cha akina mama akijifungua hupelekewa leso, na aliyepelekewa anajua kwamba siku moja atarudisha, si doti ile ile, bali yenye thamani isiyopungua. Wakati wa uchaguzi huongezeka leso za wanasiasa, zenye sura na rangi za chama, ambazo hakuna anayethubutu kumpa senje. Hizo hukatwa mara moja, zikawa za shambani, za kubebea mtoto, au za kufunikia mahindi yaliyoanikwa.

Fundi wa cherehani ana dhiki ya aina nyingine. Wengi hukodi baraza la duka, si chumba, na jioni mashine ya miguu huingizwa ndani ya duka la mwenyewe, kwa hiyo akiba yote ya fundi haina budi kuenea katika gunia moja la nailoni. Kitenge huuzwa kwa kawaida yadi 6, na fundi stadi husifiwa kwa kubana, yaani kupanga vipande kwenye kitambaa kabla ya kukata ili kibaki kingi. Ubishi huzuka juu ya nani mwenye kilichobaki. Kwa mazoea, mteja akikidai ni chake, na asipokidai hadi anapochukua nguo, kimekuwa cha fundi. Ndani ya gunia, vipande vya sare za shule hufungwa mbali, rangi kwa rangi, kwa ajili ya viraka vya Januari. Vya kitenge huwa mifuko, kola na vishikio vya sufuria. Vilivyo vidogo kuliko kiganja hujazwa mito.

Kwingineko viraka vimepata hadhi kubwa zaidi: wanawake wa Gee's Bend, Alabama, nchini Marekani, waliotengeneza mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, kazi zao zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la sanaa la Houston mwaka 2002. Ekero kiraka hakijapanda ukutani namna hiyo, ila hukalia viti: makochi hutandikwa vitambaa vilivyofumwa au kutariziwa, kimoja mgongoni na kimoja kila mkono, na hiyo nayo ni namna ya kuhifadhi, maana kitambaa kilicho juu ya kochi hakichukui nafasi sandukuni.

Chini kabisa ya sanduku, chini ya doti zote, wanawake Waislamu wenye umri hupenda kuweka bafta, kitambaa cheupe chepesi cha pamba, cha kutosha sanda yao wenyewe, ambayo kwa mwanamke ni vipande vitano na kwa mwanamume vitatu. Hakina jina wala pindo, hakikunjuliwi kila msimu kama vingine, na binti mmoja huonyeshwa mahali kilipo. Siku ya msiba binti huyo ndiye anayeinama, naye kwa kuwa bafta iko chini hulazimika kwanza kutoa kila kitu, doti moja baada ya nyingine, na kuvirundika kitandani mbele ya senje na jamaa wengine, ambao wakati huo huanza kutambua kila doti ilitoka kwa nani na ilikuwa ikimsubiri nani.