Kumng'oa Gavana (Sehemu ya Pili): Theluthi ya Diwani

Hakuna theluthi ya diwani. Diwani ama yuko bungeni ama hayuko, na akipiga kura, kura yake ni moja kamili. Nalitaja jambo hili la kitoto kwa sababu Oktoba 2024 ndilo lililomwokoa Gavana wa Kericho, Erick Mutai.

Bunge la Kaunti ya Kericho lina wajumbe 47: 30 waliochaguliwa katika wadi na 17 walioteuliwa na vyama. Waliounga mkono hoja ya kumng'oa gavana walikuwa 31. Hoja ikatangazwa kuwa imepita, na mashtaka yakafunga safari ya Nairobi, kwa Seneti. Sheria inataka theluthi mbili ya wajumbe wote, wala si ya waliohudhuria siku hiyo. Sasa chukua kalamu: gawa 47 kwa tatu, jibu lizidishe kwa mbili. Unapata 31 na theluthi moja. Madiwani wakashika kwamba 31 inatosha, kwani kilichobaki ni kijipande kisichofika hata nusu ya mtu. Mawakili wa gavana wakajibu kwamba sheria imesema kura zisipungue theluthi mbili, na 31 imepungua, hata kama ni kwa ukucha. Seneti ikakubaliana na mawakili. Kesi ikaishia mlangoni, kabla ushahidi wa shtaka hata moja haujasikizwa.

Siku mbili tatu baadaye nilikuwa kwa kinyozi. Mteja wa kiti cha pili, povu bado kidevuni, akaniuliza: "Mwalimu, hebu tuamulie. 31 kwa 47 si theluthi mbili?" Nikamfanyia hesabu kwenye simu, nikamwonyesha. Akaitazama ile 31.33 kwa muda, akasema, "Kumbe mtu amepona kwa kidole kidogo cha mguu!" Kinyozi akacheka hadi ikabidi aweke wembe chini. Mimi nilicheka pia, lakini nadhani Seneti iliamua sawasawa. Kizingiti ni kizingiti. Ukiruhusu leo kukiparua kidogo, kesho mwingine atakuja na shoka.

Wiki jana tulipitia sababu nne ambazo Kifungu cha 181 cha Katiba ya 2010 kinaruhusu gavana aondolewe kwazo: kukiuka vibaya Katiba au sheria nyingine, kuwepo sababu nzito za kuamini kwamba ametenda kosa la jinai, kutumia vibaya mamlaka au kuwa na mwenendo mbaya kupindukia, na kushindwa kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa wa mwili au wa akili. Wasomaji kadhaa wameniuliza: ikiwa sababu ni nyingi hivyo, mbona magavana wengi hurudi nyumbani na vyeo vyao? Jibu langu ni kwamba wanaoshtaki na wanaohukumu wanasoma vitabu viwili tofauti. Madiwani huandika mashtaka kwa lugha ya siasa. Seneti huyapima kwa mizani ya sheria.

Utaratibu wenyewe umo katika Kifungu cha 33 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Diwani mmoja hutoa ilani kwa spika, akiungwa mkono na angalau theluthi moja ya wajumbe wote. Hoja ikipata theluthi mbili, spika wa kaunti ana siku mbili za kumwarifu Spika wa Seneti, naye ana siku saba za kuwaita maseneta wasikie mashtaka. Muda huo wote gavana anaendelea na kazi. Anatia saini, anazindua miradi, anapigiwa saluti. Wananchi wengi hulishangaa hili, lakini ni sahihi: aliyeshtakiwa bado hajahukumiwa.

Kericho ilirudi tena Agosti 2025. Safari hii kura zilizotangazwa zilikuwa 33, zimepigwa kwa mtambo wa kielektroniki. Hesabu ilikuwa safi. Lakini mawakili wa gavana walifika Seneti na viapo vya madiwani waliosema hawakupiga kura hiyo kamwe, na ukijumlisha pande zote mbili idadi haioani na bunge la watu 47. Pingamizi likapita, Mutai akabaki. Mwezi mmoja hivi kabla ya hapo, Gavana Abdi Guyo wa Isiolo alikuwa ameponea kwenye swali la msingi zaidi: je, kikao cha kumng'oa kilifanyika kweli? Maseneta hawakuridhika kwamba kilifanyika. Fikiria hilo kwa utulivu. Jambo zito kuliko yote ambayo bunge la kaunti linaweza kufanya, na halikuweza kuthibitisha kwamba liliketi.

Gavana wa kwanza kuonja shubiri hii alikuwa Martin Wambora wa Embu, mapema 2014. Miongoni mwa yaliyolalamikiwa ni ukarabati wa uwanja wa michezo wa Embu na ununuzi wa mbegu za mahindi. Seneti ikamwondoa. Mahakama ikamrudisha. Madiwani wakamng'oa mara ya pili mwaka huohuo, na bado akabaki ofisini kwa nguvu ya mahakama. Kutokana na mashauri hayo tulipata kipimo ambacho hadi leo kinatumika: kosa lazima liwe zito, na lazima kuwe na uzi unaolifunga kosa hilo na gavana mwenyewe. Zabuni ikivurugwa na maofisa wa ununuzi, haitoshi kusema gavana ndiye mkubwa wao. Onyesha aliagiza nini, alijua nini, alinyamazia nini. Wambora alichaguliwa tena 2017, na baadaye akawa mwenyekiti wa Baraza la Magavana.

Kuna jambo moja katika sheria hii ambalo mimi silipendi. Kesi ikifika Seneti, maseneta wenyewe huchagua njia: waunde kamati maalumu ya watu 11 inayochunguza na kuripoti ndani ya siku 10, au wasikilize shauri wote kwa pamoja. Njia hizi si ndugu. Kamati ikisema mashtaka hayana msingi, mambo yamekwisha, na Seneti nzima haipigi kura. Mwaka 2020 ulituonyesha tofauti hiyo waziwazi. Januari, Ferdinand Waititu wa Kiambu alisikilizwa na Seneti nzima, akaangukia kura 27 kwa 11. Juni, kesi ya Anne Waiguru wa Kirinyaga ikapelekwa kwa kamati, na kamati ikamwondolea lawama. Sisemi Waiguru alikuwa na hatia wala Waititu alionewa. Nasema mshtakiwa asiyejua atapimwa kwa mizani ipi mpaka siasa za wiki hiyo ziamue, ana haki ya kulalamika, na mwananchi aliyemchagua vilevile. Sheria ingetaja njia moja, basi.

Kawira Mwangaza wa Meru amezipita njia zote. Desemba 2022 kamati ilimwokoa. Novemba 2023 Seneti nzima ilimwokoa. Agosti 2024, katika hoja ya tatu ndani ya miaka miwili, Seneti nzima ikamwondoa. Siku iliyofuata Mahakama Kuu ikasimamisha uamuzi huo, akaendelea kuwa gavana hadi 14 Machi 2025, mahakama ilipoamua kwamba aliondolewa kihalali. Naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa siku chache baadaye.

Na anayeondolewa hapotezi ofisi tu. Mike Sonko aliondolewa Nairobi Desemba 2020. Miaka miwili haijatimia akashuka Pwani kuutaka ugavana wa Mombasa. Julai 2022 Mahakama ya Juu ikasema kuondolewa kwake kulikuwa halali, na safari ya Mombasa ikakatikia hapo, kwa kuwa Kifungu cha 75 cha Katiba kinamfungia mlango wa ofisi za dola mtu aliyeondolewa kwa kukiuka masharti ya uadilifu ya Sura ya Sita.

Nairobi iliacha fundo jingine. Sonko alipoondoka hakuwa na naibu. Polycarp Igathe alikuwa amejiuzulu Januari 2018 na kiti kikakaa wazi. Ikabidi Spika wa Bunge la Kaunti, Benson Mutura, atoke kwenye kiti cha kuongoza madiwani akakalie kile cha gavana kwa muda, yaani mkuu wa bunge lililomng'oa gavana ndiye aliyepokea funguo za ofisi yake. Wiki ijayo nitaanzia kwenye mlango huo.