Kwa nini sakafu za mabanda hupasuka kando ya Ziwa Mweru, na nondo husaidiaje?

Kila tarehe 1 Desemba, uvuvi husimamishwa katika sehemu kubwa ya maji ya Zambia hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Huko Kashikishi, katika wilaya ya Nchelenge, nyavu na injini za mitumbwi hurudi nyumbani na kuwekwa katika banda la nyuma ya nyumba. Miezi hiyo ndiyo ya mvua kubwa. Sakafu iliyopasuka hupitisha maji na mchwa, na familia inaweza kupoteza mali iliyogharimu akiba ya miaka.

Chanzo cha ufa huwa mara nyingi ni udongo ulio chini ya zege. Maji ya Ziwa Mweru hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita moja kila mwaka, na ardhi iliyo karibu na ufuo hulowa kisha hukauka. Udongo wa mfinyanzi hufura na kusinyaa, huku mchanga uliolegea ukititia. Mahali palipokuwa na kichuguu ni pa hatari zaidi: mashimo ya mchwa hubaki chini hata baada ya kilima kusawazishwa, na yasipochimbuliwa na kujazwa, sakafu hubonyea.

Zege huhimili sana kubanwa, lakini uwezo wake wa kuhimili kuvutwa ni takriban sehemu moja tu ya kumi ya huo. Ardhi inapobonyea upande mmoja, sakafu hujipinda na kuvutika, ndipo ufa huanza. Kazi ya chuma ni kubeba mvuto huo. Hakizuii kila ufa. Hushikilia pande mbili zisiachane.

Kwa banda dogo, wavu wa chuma ambao mafundi wa Kenya huuita BRC, wenye nondo za milimita 6 zilizopishana kwa sentimita 20, hutosha kwa sakafu yenye unene wa sentimita 10. Kosa la kawaida ni kuulaza wavu juu ya ardhi na kumwaga zege juu yake, au kuahidi kwamba utavutwa juu kwa ndoano kazi ikiendelea. Wavu uliobaki chini hausaidii lolote dhidi ya nyufa za juu, zinazoletwa na jua na kukauka, na chuma kinachogusa udongo huota kutu. Unapaswa kukaa katika theluthi ya juu ya sakafu, sentimita 3 hivi kutoka usoni, ukiegemezwa na vipande vidogo vya zege. Kingo, zinazobeba kuta, huchimbwa zaidi na kulazwa nondo za milimita 10 au 12 karibu na chini.

Kabla ya hayo, udongo wa juu wenye mizizi huondolewa. Changarawe hujazwa kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikinyunyiziwa maji na kushindiliwa, kisha hufunikwa kwa karatasi nzito ya nailoni inayozuia unyevu. Hatua hii haionekani kazi ikiisha, na pengine ndiyo sababu hurukwa.

Mchanga wa ziwani hauna chumvi, tofauti na ule wa baharini unaokula nondo huko Mombasa na Unguja. Hata hivyo, unaweza kuwa na matope. Ukitikiswa pamoja na maji ndani ya chupa na kuachwa utulie, tabaka nene la tope juu yake linaonyesha kwamba unahitaji kuoshwa.

Banda la mita 3 kwa 4 huhitaji mifuko 8 hivi ya saruji ya kilo 50 kwa sakafu pekee, kwa mchanganyiko wa 1:2:4, kingo huongeza. Kwa mji ulio zaidi ya kilomita 200 kutoka Mansa, gharama hiyo si ndogo, na kishawishi cha kuongeza maji badala ya saruji ni kikubwa. Lakini lita 25 kwa mfuko zinatosha. Zikizidi sana, zege hudhoofika.

Na wale ambao sakafu zao zimeshapasuka? Wavu wa chuma hauwezi kuingizwa ndani ya zege kavu. Ikiwa ardhi imeacha kutitia, sakafu mpya ya sentimita 8 hadi 10 yenye wavu wake inaweza kumwagwa juu ya ile ya zamani, mradi mlango unaruhusu kimo hicho. Ikiwa bado inatitia, ni lazima kuvunja na kuanza na udongo. Katika hali zote mbili, zege jipya huwekwa maji au kufunikwa kwa siku 7, na mizigo mizito husubiri hadi siku ya 28. Anayetaka banda lake liwe tayari Desemba, basi, humwaga zege kabla ya Oktoba kwisha.