Tuta la juu kwa ndugu wa kigari

Huku kwetu Fizi na Baraka, jembe na ziwa ndivyo vinavyotulisha. Ndugu aliyepata polio utotoni, au dada aliyejeruhiwa vitani, akikaa kwenye kigari tunamweka haraka kati ya watu wa kusaidiwa. Mara nyingi mikono yake ina nguvu; kinachomshinda ni udongo kuwa chini mno. Udongo ukiinuliwa, atalima.

Kabla ya kutafuta mbao, mwulize anataka kupanda nini. Kisha mpime akiwa amekaa kwenye kigari chake mwenyewe, kwa maana vigari havifanani.

Kama ana kiti cha magurudumu, mtengenezee sanduku lenye miguu, mfano wa meza. Pima toka chini mpaka juu ya magoti yake, ongeza sentimita 5: hapo ndipo sakafu ya sanduku ikae, ili magoti yaingie na asiukunje mgongo. Udongo uwe wa sentimita 15 hadi 20 tu. Ukizidi, ukingo utamfika kifuani. Lengalenga na vitunguu vya majani vitaota vizuri humo.

Kama ana kigari cha kuzungusha kwa mikono, pedeli za mbele zitamzuia kuingia chini ya meza. Huyo atalima akiwa ubavuni mwa tuta. Mjengee la mawe au matofali, kimo cha sentimita 60 hivi. Humo hata nyanya na biringanya zitapata nafasi ya mizizi.

Mkono hufika kama sentimita 60. Tuta linalofikiwa upande mmoja lisizidi upana huo. Likifikiwa pande mbili, 120. Njia iwe ngumu na sawa, upana wa mita moja au zaidi, na mwishoni pawe na nafasi ya kugeuka.

Mambo mawili husahaulika. Miguu isiyo na hisia haisikii msumari: lainisha kila ukingo. Tena tuta la juu hukauka upesi, hasa kiangazi: changanya mboji nyingi, funika kwa nyasi, weka maji karibu.

Tangu tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ina sheria inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Katika makanisa yetu ianze na mbao, misumari na kipimo. Na mavuno yawe yake mwenyewe: ale, auze sokoni, atoe sadaka kama wengine.