Vijifuko vya Seli Shina katika Tiba ya Wanyama: Suala la Istilahi na Uzito Wake kwa Watunga Sera

Ikisiri

Makala hii inaeleza tiba ya wanyama itumiayo vijifuko vinavyotolewa na seli shina, na inajadili namna ya kuvitaja kwa Kiswahili. Hoja yake kuu ni kwamba maneno yaliyozoeleka, hususan chembe na lengelenge, yakitumiwa hapa yatafuta mpaka ambao sheria ya dawa inauhitaji: mpaka baina ya seli iliyo hai na kitu kilichotoka katika seli.

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita niliombwa kupitia tafsiri ya muhtasari wa sera kuhusu teknolojia mpya za tiba ya mifugo. Mfasiri, ambaye kazi yake kwa jumla ilikuwa nzuri, aliandika kwamba tiba hiyo "huingiza vilengelenge vya chembe shina mwilini mwa mnyama ili kupunguza uvimbe." Nilimsomea sentensi hiyo afisa mifugo mmoja. Aliuliza papo hapo ni nani aliyeruhusu wanyama waambukizwe ugonjwa wa miguu na midomo kwa makusudi. Kwake, vilengelenge ni vile vinavyotokea kwenye ulimi, kwenye ufizi na baina ya kwato. Swali lake la pili lilikuwa iwapo dawa hiyo inatibu saratani, maadamu inapunguza uvimbe. Kosa la tatu, ambalo naliona kuwa zito kuliko hayo mawili, halikumshtua yeye wala mfasiri: neno chembe.

Kifungu cha 137 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Mawasiliano hayo hayaishii kwenye hotuba. Yatafika kwenye fomu za usajili wa dawa, na huko neno lisilo na mipaka ni hatari.

2.0 Vijifuko hivi ni nini?

Takriban kila aina ya seli hutoa nje vijifuko vidogo mno vilivyozungukwa na utando wa lipidi wa tabaka mbili. Ndani yake mna protini, lipidi na vipande vya RNA. Baadhi yake, vyenye kipenyo cha nanomita 30 hadi 150 hivi, huundwa katika vyumba vya ndani ya seli. Vyumba hivyo huungana na utando wa nje na kuvimwaga. Hivi ndivyo eksosomu. Vingine, vinavyoweza kufikia nanomita 1000, huchipuka moja kwa moja kutoka kwenye utando wa seli. Vikishachanganyika katika kiowevu kimoja, ni vigumu kujua kipi kimetoka wapi, kwani ukubwa wake hupishana.

Inafaa kukumbuka kwamba elimu hii ilianzia kwa mnyama wa kufugwa. Mwaka 1983 Bin-Tao Pan na Rose Johnstone, wakiwa Montreal nchini Kanada, walichunguza seli nyekundu changa za damu ya kondoo. Waliona kwamba seli inapokomaa huondoa vipokezi vya transferini, protini inayobeba madini ya chuma, kwa kuvifungasha katika vijifuko na kuvitoa nje. Mwaka huohuo watafiti wa St. Louis, Marekani, walieleza jambo kama hilo kwa seli za panya. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa hiyo ni njia ya seli kutupa taka. Mtazamo ulibadilika sana mwaka 2007, watafiti wa Göteborg, Sweden, walipoonyesha kwamba vijifuko hivyo hubeba RNA inayoweza kufanya kazi ndani ya seli nyingine inayovipokea.

Uhusiano wake na seli shina ulikuja kwa njia ya mzunguko. Madaktari wa farasi wa mashindano walikuwa wakidunga seli shina za mesenkima, zitokazo kwenye uboho au mafuta ya mnyama, katika kano zilizochanika. Matumaini yalikuwa kwamba seli hizo zingegeuka kuwa kano mpya. Ushahidi uliojikusanya ulionyesha kwamba nyingi hazidumu mahali zilipodungwa, na kwamba sehemu kubwa ya manufaa hutokana na vitu zinavyovitoa, vijifuko vikiwa miongoni mwavyo. Arnold Caplan, aliyelieneza jina la seli shina za mesenkima mwaka 1991, mwaka 2017 aliandika kwamba wakati wa kulibadilisha jina hilo umefika, kwa kuwa linaahidi jambo ambalo seli hizo hazilifanyi mwilini. Si mara nyingi mwenye kueneza istilahi huomba iachwe.

Hapo ndipo lilipozuka wazo la kuziacha seli zenyewe na kutumia vijifuko tu. Kijifuko hakijigawi, hivyo hakiwezi kuzaa uvimbe wa saratani kama inavyohofiwa kwa seli hai; na huhifadhika kwa urahisi zaidi. Utafiti kwa farasi na mbwa umeelekezwa zaidi kwenye viungo, kano na vidonda.

3.0 Majina na mipaka yake

Neno chembe lina maana ya kipande kidogo cha kitu chochote, na pia hutumika kwa maana ya seli, kama katika chembechembe za damu. Katika mazungumzo ya kila siku utata huu hauna madhara. Hapa unayo. Seli hai na kijifuko kisicho hai vyote vitaitwa chembe, na msomaji wa kanuni hatajua kama kinachoombewa kibali ni kiumbe kinachoweza kuzaliana au la. Napendekeza seli ibaki seli, na chembe isitumike kabisa katika uwanja huu.

Lengelenge limekwisha kujadiliwa na yule afisa mifugo. Kijifuko, kwa udogishaji wake na kwa picha yake ya kitu kinachobeba kitu, linatosha: vijifuko vitolewavyo na seli. Kuhusu uvimbe, tuna neno mchochota kwa hali ya sehemu ya mwili kuwa nyekundu, kupata joto na kuuma. Uvimbe na ubaki kwa kinachovimba.

Eksosomu ni suala jingine. Neno hili limependwa na wauzaji, pengine kwa sababu linasikika kama siri. Jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa vijifuko, katika miongozo yake ya 2014, 2018 na 2023, imehimiza jina la jumla litumike pale ambapo asili ya vijifuko ndani ya seli haijathibitishwa. Kiswahili kisiwe na pupa kuliko wenye taaluma.

4.0 Mambo ya kuangaliwa na mshauri wa sera

Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa za farasi zenye seli shina, ya kwanza ikiwa Arti-Cell Forte. Idhini hizo zilihusu seli. Muuzaji wa vijifuko akizitaja kama ushahidi wa bidhaa yake, anaegemea mpaka ule uliofutwa na neno chembe.

Yapo maswali ambayo fomu ya Kiswahili inapaswa kuyauliza waziwazi. Kipimo cha dawa kimehesabiwa kwa idadi ya vijifuko, kwa uzito wa protini, au kwa idadi ya seli zilizovitoa? Vipimo hivi havilingani, na chupa mbili zenye tarakimu moja zaweza kutofautiana mno. Seli zilizovitoa zimetoka kwa mnyama wa aina gani, na zililishwa nini? Swali hili la mwisho laonekana dogo, ila seli za maabara mara nyingi hukuzwa katika majimaji ya damu ya kijusi cha ng'ombe, na majimaji hayo yana vijifuko vyake. Bila uchujaji wa makini, dawa ya farasi inayodaiwa kutokana na seli za farasi huwa imechanganyika na vijifuko vya ng'ombe, na lebo haitasema hivyo isipokuwa anayeijaza alazimishwe kuandika, kwa jina moja lisilo na utata, kila kilichomo ndani ya chupa.