Vishimo Katika Meno ya Gia: Kosa ni la Nani?



Gia ikiharibika kiwandani, neno la kwanza tunalosikia ni lile lile: "Hamkutia mafuta." Mara nyingine ni kweli. Lakini pengine kosa lilikwishaingia kabla mashine haijawashwa, pale gia ilipochorwa na kuchongwa. Sisi tunaofanya kazi na mashine, iwe za chai huko Teza na Rwegura, za miwa huko Moso, au katika karakana za mtaa wetu wa Asiatique hapa Bujumbura, yafaa tujue kusoma jino la gia.

Meno mawili yakikutana hayagusani uso mzima. Hugusana kwenye mstari mwembamba sana, na mzigo wote hukaa hapo. Mjerumani Heinrich Hertz alionyesha mwaka 1881 namna ya kupima mkandamizo wa namna hiyo. Ukirudiwa mara nyingi mno, ngozi ya chuma huchoka, hufanya nyufa ndogo, kisha vipande humeguka na kuacha vishimo.

Mchoraji wa gia ana njia tatu kubwa za kuilinda ngozi hiyo. Ya kwanza ni kipenyo: kwa nguvu ile ile ya kuzungusha, gia zote mbili zikiongezwa kipenyo mara mbili, mkandamizo hupungua nusu. Ya pili ni upana wa jino: ukiongezwa mara mbili, mkandamizo hupungua karibu asilimia 30 tu. Ya tatu ni ugumu wa chuma. Gia yenye meno 20 ikizungusha yenye meno 80, kila jino la gia ndogo hufanya kazi mara 4 wakati la kubwa limefanya mara 1. Ndiyo maana gia ndogo hupewa chuma kigumu zaidi.

Hapa wengi hudanganyika. Kuchonga meno manene na machache katika gia ya kipenyo kile kile husaidia jino lisivunjike, lakini vishimo havikomi kwa dawa hiyo.

Basi tazameni dalili:

– Vishimo katikati ya kimo cha jino, kwa upana wake wote: mzigo umezidi, au gia ni ndogo, au chuma ni laini.

– Vishimo upande mmoja tu: shafti hazikukaa sambamba, au beringi imelika.

– Mikwaruzo ya juu-chini karibu na ncha: hapo mafuta yamepungua au ni mepesi mno.

Mafuta mazuri huchelewesha vishimo, lakini hayawezi kuiponya gia iliyo ndogo kuliko mzigo wake.

Kwa hiyo gia iliyokufa isitupwe. Simamisheni mashine, kateni umeme, ndipo muitoe. Andikeni tarehe na mahali palipo vishimo, na mwakilishi wa wafanyakazi aiweke mezani mbele ya mkuu wa karakana. Mshahara wa mtu usikatwe kabla jino halijasomwa.